Barua ya Wazi kwa Viongozi wa Halmashauri Yetu: Mnaposema Vijana Wanacheza, Ni Vijana Gani?

Mwambao wa Ziwa Tanganyika,
Mkoa wa Kigoma.

Kwa:
Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri,
Ndugu Mkurugenzi Mtendaji,
Waheshimiwa Madiwani.

YAH: KUKOSEKANA KWA USAWA KATIKA MICHEZO NA MAZOEZI YA VIJANA WA KATA YETU

Mheshimiwa Mwenyekiti, Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naandika barua hii hadharani baada ya barua tatu za kawaida kukaa bila majibu. Ya kwanza niliipeleka kwa mkono ofisi ya kata. Ya pili niliiwasilisha masjala ya halmashauri, ikagongwa muhuri wa kupokelewa mbele ya macho yangu. Ya tatu ilibeba saini za wazazi wa mitaa mitatu, na wale wasiojua kuandika waliweka dole gumba kwa sababu nao walitaka wahesabiwe. Kila nilipofuatilia niliambiwa, kwa adabu kabisa, kwamba faili liko mezani kwa wakubwa na kwamba nisubiri. Nimesubiri msimu mzima wa mvua na kiangazi chake. Sina ugomvi na mtu yeyote katika ofisi zenu, na baadhi yenu niliwafundisha kusoma na kuandika. Ndiyo maana nawaandikia kwa heshima ile ile ambayo ningependa kuandikiwa, ingawa siwezi tena kuandika kimya kimya.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimefundisha shule za msingi za mkoa huu kwa miaka 31, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo ndiye niliyekuwa nikishika filimbi. Leo ni mlezi wa timu ya mpira wa pete ya mtaa, timu isiyo na kiwanja. Jina langu mnalo kwenye zile barua tatu. Hapa nimeliacha, pamoja na jina la kata, kwa sababu nitaeleza habari za watoto ambao majirani wangewatambua kupitia kwangu.

Kilichonifanya nishike kalamu mara ya kwanza ni sentensi moja. Katika mkutano wa hadhara ilisomwa taarifa ya maendeleo ya kata, na kwenye kipengele cha michezo ikaelezwa kwamba hali ni ya kuridhisha kwa kuwa vijana wanacheza. Tukapiga makofi, tukahamia kwenye barabara. Mimi nilibaki na swali, na swali hilo ndilo kiini cha yote ninayoyaandika hapa: ni vijana gani wanaocheza, na ni akina nani waliofunikwa na neno hilo?

Hoja zangu ni hizi zifuatazo.

1. Neno "vijana" katika taarifa zenu lina maana ya wavulana wenye afya na wenye jioni zao.

Jumatano iliyofuata mkutano ule nilikwenda uwanjani saa kumi na nusu, nikakaa kwenye jiwe lililo chini ya mwembe hadi adhana ya magharibi. Wavulana walikuwa wakicheza chandimu upande wa chini, na wengine wakisubiri zamu pembeni kwa utaratibu wao wa timu iliyofungwa kutoka. Niliwahesabu nikavuka arobaini. Wasichana walikuwa sita. Wawili waliuza karanga na ubuyu, watatu walikuwa wakipita na ndoo kichwani, wakasimama kidogo kutazama kisha wakaendelea na safari, na mmoja alikuwa amembeba mdogo wake mgongoni. Mpira ulipotoka nje ukamfikia huyo mwenye mtoto, akaurudisha kwa teke la ndani ya mguu, safi, lililonyooka mpaka kwa mlengwa kama la mtu aliyefundishwa. Wavulana wakamshangilia. Kisha mchezo ukaendelea bila yeye, naye akaikaza kanga na kuondoka.

Sisemi kwamba jambo hili limeanzia kwetu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba mtoto na kijana wa miaka 5 hadi 17 aushughulishe mwili wake kwa wastani wa dakika 60 kwa siku, kwa kiwango cha kumfanya ahemee juu, na kwamba angalau siku 3 kwa wiki zihusishe mazoezi ya kuimarisha misuli na mifupa. Mwaka 2019 watafiti wa shirika hilo walichapisha matokeo yaliyotokana na takwimu za wanafunzi milioni 1.6 wenye umri wa miaka 11 hadi 17 katika nchi 146. Asilimia 81 hawakufikia kiwango hicho: kwa wavulana ni asilimia 78, kwa wasichana ni asilimia 85. Kilichonigusa zaidi ni mwenendo wa miaka yenyewe, kwa kuwa kati ya 2001 na 2016 wavulana walisogea mbele kidogo, ilhali wasichana walibaki pale pale. Na hao wote ni wanafunzi. Kijana aliyeacha shule hakuwamo katika hesabu hiyo, kama ambavyo hayumo katika hesabu yenu.

2. Jioni ya msichana imekwisha kugawiwa kabla haijafika.

Naomba mnivumilie katika hoja hii, maana ndiyo iliyo nzito kuliko zote na ndiyo inayojibiwa kwa wepesi kuliko zote. Tunaambiwa kwamba wasichana hawapendi michezo, kwamba wakishavunja ungo huona haya, na kwamba hiyo ndiyo hulka yao. Mimi namjua binti aliyekuwa mkimbiaji wa mita 200 na 400 alipokuwa darasa la tano na la sita, akachaguliwa timu ya wilaya ya UMITASHUMTA, yale mashindano ya michezo ya shule za msingi, akarudi nyumbani na raba za kwanza alizowahi kuzimiliki maishani. Leo yuko kidato cha pili. Hajakimbia tangu aingie sekondari, na zile raba zimeshambana, anavaa mdogo wake wa kiume.

Siku yake inakwenda hivi. Mitumbwi inaporudi alfajiri, mama yake huwa ameshafika ufukweni kununua dagaa wabichi, na binti huwa nyuma yake na beseni. Huwatandaza dagaa mchangani, mmoja mmoja wasilaliane, halafu huoga na kutembea kwenda shule. Akirudi saa kumi kasoro, kazi ya kwanza ni kuwageuza na kuwaanua kabla ya umande. Baada ya hapo kuna foleni ya maji, kuna moto wa kuwasha, kuna wadogo wa kuogesha. Anapopata nafasi ya kukaa chini, giza limeshaingia, na hakuna mzazi mwenye akili atakayemruhusu binti wa miaka kumi na mitano kwenda uwanjani gizani. Kaka yake, ambaye wamezaliwa tumbo moja na wanakula chungu kimoja, hurudi saa hiyo hiyo ya kumi, huweka daftari, na hutoka mbio.

Kama kweli tatizo lingekuwa hulka, lisingebadilika kwa kufunga ziwa. Lakini lilibadilika, na sote tulikuwapo. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa shughuli za uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana. Ilikuwa miezi migumu kwa kina mama wanaoishi kwa dagaa, na sithubutu kuiita neema. Hata hivyo, katika wiki zile ambazo mchanga wetu ulikuwa mweupe bila dagaa hata mmoja, wasichana walikuja kiwanjani wenyewe. Sikupita nyumba hata moja kuwaita. Wiki ya kwanza walikuja wachache, wakiwa na kanga juu ya sketi za shule. Mwezi wa Juni nilikuwa na timu tatu za pete na nyingine ya akiba, na yule mkimbiaji wangu alikuwa akicheza katikati kana kwamba hajawahi kuacha. Ziwa likafunguliwa katikati ya Agosti. Ndani ya siku kumi nikabaki na wasichana wanne.

Waheshimiwa, nilijifunza zaidi katika miezi ile mitatu kuliko katika semina zote nilizohudhuria nikiwa kazini. Haya, hulka na mila vilikuwa vile vile Juni na Septemba. Kilichotofautiana ni saa mbili za jioni.

Hata ziwa likiwa wazi, sisi wa mwambao tunajua kwamba mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wa dagaa hupumzika, kwa sababu taa zao hazina kazi mbele ya mwezi mpevu. Siku hizo chache za kila mwezi ndizo siku ambazo jioni ya msichana hupumua. Ratiba yoyote ya michezo ya wasichana katika kata hii ambayo haikuutazama mwezi imeandikwa na mtu asiyezijua nyumba zetu. Sijawahi kuona ratiba ya namna hiyo. Kwa kweli sijawahi kuona ratiba ya wasichana ya namna yoyote.

Ofisa mmoja aliniambia kwa nia njema kwamba nisihofu, kwani wasichana wetu wanafanya mazoezi ya kutosha kwa kuchota maji na kutembea. Ni kweli kwamba Shirika la Afya Duniani lenyewe huhesabu mwendo wa miguu na kazi za nyumbani kuwa ni kuushughulisha mwili, nami sipingi. Lakini ndoo ya lita 20 ni kilo 20 juu ya shingo ya mtoto ambaye bado anakua. Huibebi na mwenzio wa kumpasia, huiachi ukichoka, hakuna anayekufundisha kuibeba vizuri zaidi leo kuliko jana, na ukifika nayo nyumbani hupigiwi makofi. Ninachokidai kwa ajili ya binti huyu ni mchezo, kitu ambacho kaka yake hupewa bila kuomba. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imetaja kucheza na kupumzika miongoni mwa haki za mtoto, na haikusema mtoto wa kiume.

3. Kiwanja kinapopungua, hakiwapungukii wote sawasawa.

Sehemu ya juu ya uwanja wetu, palipokuwa na kiwanja cha pete na kona ya watoto wadogo, imekuwa maegesho ya malori na safu ya vibanda vya biashara. Tuliambiwa ni kwa muda. Nguzo zetu mbili za pete ziling'olewa. Moja sijui ilikokwenda, na ya pili imekuwa mhimili wa kibanda cha chipsi. Duara lake la chuma bado lipo juu, na mwenye kibanda hulitundikia taulo la kufutia mikono. Simlaumu, alipewa eneo na akalipia ushuru.

Nataka mlione hili kwa makini. Uwanja ulipokatwa, goli za wavulana hazikuguswa. Walioondoka kwanza ni wasichana, kisha watoto wadogo waliohamia barabarani na mpira wao wa makaratasi, ambako bodaboda hupita bila kupunguza mwendo. Hakuna aliyekaa mezani akaandika kwamba wasichana waondoke. Ilitosha kutouliza nani anatumia sehemu ipi.

4. Watoto wenye ulemavu na wenye ualbino wanakaa pembeni, na tumewapa kazi ya kukaa pembeni.

Katika mtaa wangu yupo mvulana aliyekatwa mguu mmoja, anayetembea kwa gongo kwa kasi ambayo mimi siifikii. Nyumbani hudaka magoli ya wenzake. Shuleni, kipindi cha michezo kinapofika, huambiwa alinde mashati. Nimemwona kwa macho yangu, ameketi kando ya rundo la mashati ya kijani, gongo limelazwa mapajani, na kila mara mpira unapopita karibu yake mwili wake wote unageuka kuufuata. Nchi hii ina timu ya taifa ya soka la wachezaji waliokatwa viungo, Tembo Warriors, iliyocheza Kombe la Dunia nchini Uturuki mwaka 2022. Mvulana huyu hakuwa na habari mpaka nilipomweleza, na swali lake la kwanza lilikuwa kama hao nao walianza kwa kulinda mashati.

Watoto wenye ualbino wana shida nyingine ambayo dawa yake haihitaji hata shilingi. Kipindi cha michezo kikipangwa saa sita, jua likiwa la utosi, watoto hawa hubaki darasani peke yao au hutoka na kuungua ngozi. Kipindi kikisogezwa asubuhi mapema au baada ya saa kumi, na wakaruhusiwa kofia pana na mikono mirefu, wanacheza. Niliandika hili katika barua ya kwanza. Ni mabadiliko ya mstari mmoja kwenye ratiba.

5. Walio nje ya shule hawamo katika mpango wowote.

Kijana wa bodaboda hukaa juu ya pikipiki tangu alfajiri hadi usiku. Msichana wa kazi za ndani hana hata Jumapili moja ya kupumzika. Vibarua wa michikichi hurudi wamechoka mikono na mgongo. UMITASHUMTA ni ya shule za msingi, UMISSETA ni ya sekondari. Aliyeishia darasa la saba hana herufi zake.

6. Watoto wa wenye nacho nao hawasalimiki.

Naliandika hili kwa upendo, kwa kuwa ni la kwenu pia. Mtoto anayepelekwa shule kwa gari, akarudishwa kwa gari, akaingia tuisheni na kutoka tuisheni akashika simu, anaweza kuwa na mpira mpya uvunguni na bado mwili wake ukakaa kutwa nzima. Mtoto wa maskini anatembea kilomita nyingi lakini hana mchezo. Mtoto wa tajiri ananunuliwa vifaa vya mchezo lakini hatembei. Presha na kisukari, ambavyo zamani tulivihesabu kuwa maradhi ya wazee, vitamkuta huyu wa pili mapema, na mifupa hujengwa hasa katika umri huu huu wa ujana. Wote wawili wanahitaji kitu kimoja, uwanja wa wazi ulio karibu na nyumbani ambako hakuna anayefukuzwa.

Mheshimiwa Mwenyekiti, najua majibu yanayoweza kuja, kwa sababu mengi nimeshayasikia kwenye korido.

Litakuja jibu la fedha. Nguzo mbili za pete zinachongwa na fundi wa mtaani kwa siku moja, chokaa ya mistari ipo, na filimbi ninayo mwenyewe. Mahitaji ya mwaka mzima ya michezo ya wasichana katika kata hii hayafiki posho ya vikao vichache. Sitaki mtu anyimwe posho yake. Nataka tu tusiite ukosefu wa fedha kile ambacho ni ukosefu wa mstari kwenye bajeti.

Litakuja jibu la dini na mila. Mimi ni Mwislamu, nimezaliwa na kulelewa mwambao huu, na binti zangu wote walicheza wakiwa wamejistiri. Masheikh wetu wametukumbusha mara nyingi hadithi inayojulikana ya Mtume (S.A.W.) kushindana mbio na mkewe Bi Aisha. Sheria za soka zenyewe ziliruhusu rasmi wachezaji kufunika kichwa tangu mwaka 2014. Wazazi walioweka dole gumba kwenye barua yangu hawakukataa mabinti wacheze. Waliomba mambo matatu: mwalimu wa kike, choo chenye mlango, na mabinti warudi kabla ya magharibi. Hayo ni masharti ya wazazi makini, na yote yanawezekana.

Litakuja jibu la vipaji, na hili ndilo linaloniumiza zaidi kwa sababu husemwa na watu wanaopenda michezo kwa dhati. Kila tunapozungumzia vijana na michezo, tunazungumzia kuibua vipaji. Mkoa una uwanja wa Lake Tanganyika, una timu ya Ligi Kuu, tunajivunia, nami hushangilia. Niliposikia kwenye redio mwaka 2022 kwamba Serengeti Girls wamefika robo fainali ya Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 kule India, nililia. Lakini kuibua vipaji ni kuchagua kumi na mmoja na kuwarudisha nyumbani mia moja. Barua hii inawahusu hao mia moja. Msichana asiyejua kudaka mpira, mnene anayechekwa akikimbia, mwenye pumu, mwoga, huyo naye ana moyo, mapafu na mifupa, na hana kipaji cha kukuonyesha ili astahili nafasi. Nikiwa mwalimu nilifanya kosa hilo miaka mingi. Nilikuwa nikiwapanga wazuri mbele na kuwaacha wengine wakae kivulini, nikaamini kwamba nimefundisha michezo. Leo nakutana nao sokoni wakiwa mama wa watu wazima, wananiambia, "Mwalimu, mimi nilikuwa wa kivulini." Nawaomba radhi, na naomba kosa hilo lisiwe utaratibu wa halmashauri.

Litakuja mwisho jibu kwamba jambo hili ni la wizara. Maegesho yale hayakuwekwa na wizara.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, na ninaomba yajibiwe moja moja. Naomba malori na vibanda vihamishwe kwa staha, wafanyabiashara wakipewa eneo jingine kwanza ili asionewe mtu, na uwanja wote upimwe, uwekewe bikoni na kusajiliwa kuwa eneo la wazi la jamii, ili mwalimu atakayekuja baada yangu asianze kuandika barua upya. Naomba kiwanja cha pete kirudishwe mahali pake. Naomba jioni mbili kila wiki ziwe za wasichana kwenye uwanja mzima, sehemu ya chini yenye magoli ikiwemo, na siku za mbalamwezi waongezewe. Wavulana wataelewa wakielezwa, nimewafundisha na ninawajua. Naomba mwalimu mmoja wa kike apewe jukumu hilo kwa barua rasmi, na mafunzo mafupi ya kuwachezesha watoto wenye ulemavu pamoja na wengine. Naomba Ndugu Mkurugenzi atoe mwongozo kwa walimu wakuu wa kutopanga michezo saa za jua kali na wa kukataza mtoto yeyote kugeuzwa mlinzi wa mashati. Naomba choo chenye mlango na bomba la maji pale uwanjani, kwa sababu binti aliye kwenye siku zake hawezi kucheza mahali pasipo na maji.

Ombi la mwisho nalitilia mkazo. Taarifa ya michezo ya kila robo mwaka isiandike tena kwamba vijana wanacheza. Iandike ni wavulana wangapi na wasichana wangapi, wa umri gani, wangapi wako shule na wangapi hawako, na wangapi wana ulemavu. Kazi hiyo inafanywa na mtu mmoja, daftari moja na jioni nne. Kama hamna mtu, nitaifanya mimi bila malipo na kuwakabidhi daftari.

Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 30, na kikao cha wazi cha kata ambacho wasichana wataalikwa kuzungumza wenyewe, kifanyike siku ya mbalamwezi ili waweze kufika. Wazazi waliotia saini barua ya tatu wako tayari kuja, na tumekubaliana kwamba kama siku hizo zitapita kimya, tutaomba nafasi kwenye Baraza la Madiwani kwa utaratibu uliowekwa.

Kwa sasa ninakuwepo uwanjani kila Jumatano kuanzia saa kumi jioni, kwenye jiwe lile lile chini ya mwembe. Mjumbe atakayetumwa na jibu atanikuta hapo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu, mzazi,
na mlezi wa timu ya mpira wa pete ya mtaa.

Nakala:
Ofisa Michezo wa Halmashauri
Ofisa Elimu, Msingi na Sekondari
Mtendaji wa Kata
Wazazi wa mitaa mitatu waliotia saini na dole gumba